Dramu za Bombo: tulivyoifikia bei ya seti ya Premier ya miaka ya 1960

Mzee alitaka shilingi milioni 12 za Uganda. Kanisa lilikuja na milioni moja na nusu mfukoni. Katikati yao, juu ya mkeka sebuleni, palikuwa na dramu nne za Premier, kampuni ya Uingereza, na matoazi matatu, na mimi nimeitwa kusema bei ya haki ni ipi.

Kazi yangu ni kutengeneza ala za muziki hapa Kampala, na dramu ndizo ninazozipenda kuliko zote. Kabla ya kupanda matatu kwenda Bombo niliwaambia pande zote mbili ada yangu: laki moja kutoka kwa kila upande, iuzwe isiuzwe. Siku hizi sichukui asilimia. Dalali anayekula asilimia jicho lake huwa linapanda juu lenyewe, hata akiwa mtu mwema.

Muuzaji ni askari mstaafu, Mnubi wa hapo hapo Bombo, aliyepiga dramu katika bendi ya polisi na, siku za mapumziko, katika bendi za dansi mjini. Wote tunamwita Afande. Mnunuzi ni pasta wa kanisa la Wakongo huko Makindye, mtu wa Bukavu, mpole, na tangu alipovua viatu mlangoni alikuwa akimwita mzee "Papa". Mazungumzo yote yalikuwa ya Kiswahili, cha kambini kwa mmoja na cha Kivu kwa mwingine, wakaelewana bila taabu.

Afande alikuwa anauza kwa sababu ya mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limeshafunga, la kushoto linafuata, na tarehe ya upasuaji ilikuwa imeshapangwa. Aliniambia haya tukiwa wawili tu, uani, kabla pasta hajafika. Nilimwomba asiyarudie ndani. Akaniuliza kwa nini. Nikamjibu kwamba shida ya muuzaji haimo ndani ya dramu, kwa hiyo haipaswi kuonekana kwenye bei yake.

Akaitikia kwa kichwa, kisha akanionyesha karatasi.

Ilikuwa risiti iliyoandikwa kwa mkono, ya Oktoba 1972, shilingi 1,400. Aliyemuuzia alikuwa Mgoa, yaani mtu mwenye asili ya Goa huko India, mpiga dramu wa bendi ya hoteli. Agosti mwaka ule Idi Amin alikuwa ametangaza kwamba Waasia waondoke, wakapewa siku 90. Wagoa walijulikana sana katika bendi za dansi za miji ya Afrika Mashariki, na wengi wao waliondoka na mizigo michache tu. Afande alisema yule bwana alitaja 1,400, naye akamlipa zile zile bila kumshusha hata senti. "Lakini nilikuwa na elfu mbili mfukoni," akasema. "Hiyo nimeikumbuka miaka hamsini."

Mjukuu wake alitaka risiti ile iwe msingi wa hesabu. Haiwezi. Shilingi ya 1972 ilikuwa karibu 7.14 kwa dola, kwa hiyo 1,400 zilikaribia dola 196, kisha mwaka 1987 serikali ikabadilisha fedha, shilingi 100 za zamani zikawa moja mpya. Ukifuata njia hiyo dramu zinakuwa na thamani ya shilingi 14. Na hata bila mabadiliko ya fedha, ile ilikuwa bei ya mtu anayehesabu siku za kuondoka. Risiti ile inathibitisha kwamba mali ni ya Afande, ilinunuliwa na haikuokotwa kwenye nyumba iliyoachwa. Kwa ala yenye historia ya mwaka ule, hilo ni jambo kubwa, na nilimwambia pasta hivyo. Bei ya leo lazima itafutwe kwingine.

Milioni 12 nazo zilitoka wapi? Mjukuu alikuwa ameona kwenye intaneti tangazo la duka moja la Uingereza, seti ya Premier ya rangi ile ile, paundi 2,500. Wiki ile paundi nilikuwa naipigia hesabu kwa shilingi 4,800, na kweli inatoka milioni 12 kamili. Nililifungua tangazo lile mbele yao. Seti yenyewe ilikuwa na vipande saba, besi mbili (dramu kubwa za kupigwa kwa mguu), mpangilio unaofanana na aliokuwa akiutumia Keith Moon, mpiga dramu wa The Who, na ilikuwa bado haijauzwa. Premier ni jina lenye heshima. Kampuni ilianzishwa London mwaka 1922, ikahamia upande wa Leicester baada ya karakana yake kupigwa bomu mwaka 1940, na hata Ringo Starr wa Beatles alipigia Premier kabla ya kuhamia Ludwig ya Marekani mwaka 1963. Lakini majina ya wapigaji maarufu hupandisha bei ya seti zinazofanana na zao, hayapandishi kila kitu chenye nembo ile. Na bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni matumaini ya muuzaji. Ninachoangalia mimi ni zile zilizokwisha kuuzwa.

Basi nikaanza kukagua. Hapa sikuharakishwa na mtu.

Besi ni ya inchi 22, tomu ndogo 12, tomu kubwa ya kusimama sakafuni 16, na sneya, ile dramu yenye nyaya chini yake, 14. Plastiki ya juu ni ya lulu nyeupe, imegeuka njano kama jino la mvutaji, na imeanza kujikunja kidogo kwenye maungio ya tomu ndogo. Njano hiyo haipunguzi kitu, wakusanyaji wa Ulaya wanaipenda. Kromu ya Premier ya enzi zile ilikuwa ngumu ajabu: nilipitisha kitambaa chenye mafuta kidogo, pete zikang'aa kama za juzi. Nikavua ngozi zote. Nikalaza kila mzinga, yaani mwili wa mbao wa dramu, juu ya kioo cha meza, madirisha yakafungwa mapazia, nikawasha tochi ndani yake. Mwanga ukipenya chini ya ukingo ujue mbao imepinda au imelika, na hapo ngozi haitakaa sawasawa hata uikaze namna gani. Besi: giza. Tomu ndogo: giza. Tomu kubwa ilipitisha mwanga mwembamba kama uzi upande mmoja, urefu wa kidole. Si neno.

Kisha nikajaribu kuivisha tomu kubwa ngozi mpya ya inchi 16 niliyoibeba. Ikakataa. Ikakaa juu ya mzinga kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima.

Pasta alidhani mzinga umevimba kwa unyevu. Sivyo. Hadi kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 Premier walikuwa na vipimo vyao wenyewe, vikubwa kidogo kuliko vya Marekani, na baadaye ndipo wakafuata vipimo vinavyotumika dunia nzima. Kwa hiyo ile kofia ndogo ilitueleza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, seti ni ya kabla ya mabadiliko hayo, yaani ilikuwa tayari na miaka kadhaa Mgoa alipoiuza. Mkusanyaji akisikia hivyo anafurahi. La pili, ngozi za tomu zote mbili lazima ziagizwe maalumu kutoka nje, hazipatikani kwenye duka lolote la Kampala. Mpigaji wa Jumapili akisikia hivyo anashika tama. Skrubu za kukazia nazo zina uzi wao, haziingiliani na za kawaida za leo, kwa hiyo ikipotea moja hakuna ya kuazima.

Mjukuu akasema kuna fundi Ndeeba, kwenye mbao, ambaye angeweza kuuchonga mzinga kwa nje hadi ngozi ya kawaida iingie. Nilimsihi asimruhusu mtu yeyote kufanya hivyo, sasa wala baadaye. Mizinga hii ni ya tabaka nyembamba za mbao zilizobanwa pamoja. Ukiuchonga unakula plastiki, unakula mbao, na pete nazo hazikai tena mahali pake. Nimeona dramu moja iliyofanyiwa hivyo. Haikulia tena kama dramu, ililia kama ndoo.

Dosari zilizobaki ni hizi. Juu ya besi kuna mashimo mawili yaliyotobolewa baadaye ili kuweka kishikio cha tomu cha aina nyingine. Mguu mmoja wa besi si wake, ni kipande cha nondo kilichokunjwa. Sneya haina mtambo wake. Sneya za Premier za daraja la juu zilikuwa na mtambo wa kushusha nyaya zote kwa usambamba, pande mbili kwa mara moja. Pale palikuwa na waya wa kufungia na bolti moja ya baiskeli. Kwa upande mwingine, ngozi ya mbele ya besi bado ni ile ya plastiki iliyoandikwa Everplay, jina la Premier wenyewe, haina hata ufa.

Matoazi niliyaweka kando makusudi, kwa sababu watu wengi huyauza kama nyongeza ya bure. Mawili ni ya kugonganisha kwa mguu, Super Zyn ya inchi 14, yaliyotengenezwa na Premier pia, moja limemeguka ukingoni. La tatu lilikuwa limefunikwa na vumbi na masizi ya jikoni. Mke wa mjukuu alikuwa ameshaleta mchanga na jivu alisugue. Nilimshika mkono. Nikaweka karatasi juu yake, nikapitisha penseli kwa ulalo, na polepole muhuri ukatokea: Avedis Zildjian, na juu yake mstari wa herufi za Kiarabu. Afande akaisogeza karatasi ile karibu kabisa na jicho la kushoto. Alisoma madrasa hapo hapo Bombo akiwa mtoto. "Hii ni lamu," akasema, "na hii ni alifu. Lakini maneno siyajui." Ni Kituruki cha zamani, nikamweleza, wakati Waturuki walipokuwa bado wanaandika kwa herufi hizo. Familia ya Zildjian ilianza kufua matoazi Konstantinopoli mwaka 1623, na tangu 1929 yanatengenezwa Marekani. Angelisugua kwa mchanga, muhuri ungeondoka, na pesa nyingi zingeondoka nao.

Tulivuka barabara kwa muuza nyama, akatupimia toazi lile kwenye mizani yake baada ya kuifuta: kilo mbili na gramu 150, inchi 20. Nilipitisha ukucha kuzunguka ukingo wote nikitafuta ufa. Hakuna. Tundu la katikati limelika kidogo tu. Tuliporudi nililigonga kwa ncha ya kijiti, na sebule nzima ikanyamaza hadi sauti ilipokwisha yenyewe.

Sasa hesabu.

Nilianza na ndoto ya Uingereza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imemshika mjukuu. Seti za Premier za vipande vinne za umri huu nilizoziona zimeuzwa kule, zikiwa nzima, nilizikuta zinacheza kwenye paundi 550. Hiyo ni 2,640,000. Kwa mashimo mawili, mguu na sneya isiyo na mtambo nilikata theluthi, ikabaki 1,760,000. Kusafirisha: ukivua ngozi, dramu zinaingia moja ndani ya nyingine, na zote ndani ya besi. Sanduku linakuwa sentimita 62 kwa 62 kwa 48. Mizigo ya ndege haipimwi kwa uzito peke yake, wanachukua ujazo wanaugawa kwa 6,000, kwa hiyo sanduku hilo linalipiwa kama kilo 31 hata likiwa jepesi kuliko hapo. Wakala aliniambia milioni moja na laki mbili mpaka mlangoni kwa mnunuzi. Toa na asilimia kumi ya anayekuuzia kule. Afande angebaki na 384,000.

Mjukuu alirudia hesabu ile kwenye simu yake mara mbili. Sikumlaumu, inauma.

Toazi la Zildjian ni habari nyingine. Kule linaweza kufika paundi 180, yaani 864,000, na kwa kilo mbili halina gharama kubwa. Baada ya kusafirisha na ada, 700,000 zinabaki mkononi. Toazi moja lenye masizi lingemletea Afande karibu mara mbili ya dramu zote nne.

Kisha nikahesabu kwa upande wa pasta. Seti mpya ya Kichina Kampala ilikuwa kama milioni mbili pamoja na stendi, na ndiyo iliyompa ile bei yake ya milioni moja na nusu. Lakini hicho si kipimo sahihi. Kwa sauti, Premier hii inashindana na seti ya Kijapani iliyotumika, nzuri, ambayo pamoja na stendi na pedali ingemgharimu 3,500,000. Toa anachopaswa kutumia ili Premier ipigike Jumapili: ngozi maalumu za tomu, juu na chini, pamoja na usafiri wake, 600,000; ngozi za besi na sneya, 300,000; stendi na pedali zilizotumika, 550,000; fundi wa Katwe achonge mtambo wa sneya, 150,000, na mguu wa besi, 60,000. Nikaongeza 180,000 za ngozi mbili za akiba, maana ngozi ikipasuka Jumamosi usiku hakuna pa kukimbilia. Jumla 1,840,000. Zinabaki 1,660,000. Hapo ndipo kilele: akilipa hiyo kwa dramu peke yake hajapata wala hajapoteza.

Kati ya 384,000 na 1,660,000 kuna uwanja mpana, na mtu mvivu angekata katikati. Mimi nilikataa kwa sababu moja. Mpigaji mmoja wa siku hizi, wa bendi ya hoteli, aliniambia kwa simu kwamba angelipa 1,200,000 kwa dramu bila matoazi, ila baada ya miezi miwili. Pasta akasema, kwa haki yake, kwamba ofa ya miezi miwili haimsaidii mtu anayeuza leo. Lakini kwa nini Afande hakuweza kusubiri? Kwa sababu ya jicho. Na jicho tulikuwa tumeliacha uani. Mwenye mali asiye na haraka angezisubiri zile 1,200,000, kwa hiyo sakafu ya bei ilikuwa hapo. Nikamwambia pasta hivyo hivyo, bila kutaja ugonjwa: "Mhesabie Papa kama mtu mwenye muda." Akaniangalia kitambo. Nadhani alielewa zaidi ya nilichosema.

Juu ya 1,200,000 niliongeza laki moja tu, kwa kuwa tabu yote ya ngozi na skrubu inahamia kanisani. Dramu 1,300,000. Toazi la Zildjian 850,000, maana lenye sauti ya kulingana nalo, jipya, lingemtoka pasta milioni moja na zaidi. Super Zyn, kwa kuwa moja limemeguka, 150,000 yote mawili. Jumla 2,300,000, taslimu, kwa mkupuo mmoja.

Afande alinyamaza. Ni mbali sana na milioni 12, na nilijua amekuwa akizihesabu usiku. Nilimwomba achukue siku moja alale nayo. Akasema hapana, amesikia kila shilingi ilikotoka na ilikokwenda. Pasta alitoka nje kupiga simu kwa wazee wa kanisa, akarudi amekubali.

Tukiwa tunafunga mizigo, Afande alimtuma kitukuu chake alete skrubu za akiba kutoka chini ya kitanda. Kopo la Kimbo likaja, zito. Nikalimimina juu ya mkeka: misumari, vifungo vya sare, skrubu sita za Premier zenye uzi wao halisi, na kitu kirefu kimefungwa kwenye kipande cha shati la kaki. Nilikifungua. Ulikuwa mtambo wa sneya, mzima, pande zote mbili, na wenzo wake. Aliuvua mwaka ambao hakukumbuka, spring ilipokatika, akaweka waya kwa muda, na muda ukawa mrefu.

Bei ilikuwa imeshakubaliwa na mikono imeshashikwa. Nilimwita pasta, nikamwonyesha. Kwenye hesabu yangu nilikuwa nimetoa 150,000 kwa ajili ya kitu ambacho sasa kipo, spring tu ndiyo inayokosekana, na hiyo ni ya elfu chache. Pasta hakuuliza swali. Alihesabu noti tatu za elfu hamsini hamsini na kuziweka juu ya zile nyingine, 2,450,000.

Risiti tuliiandika kwa mkono, kama ile ya Mgoa. Afande aliitamka nami nikaandika: mashimo mawili kwenye besi, mguu mmoja si wake, toazi moja limemeguka, mtambo wa sneya upo, unahitaji spring. Kisha akataka ile karatasi ya 1972 iende pamoja na dramu. Pasta akasema, "Papa, hiyo baki nayo." Afande akasema dramu zinapaswa kujua zilikotoka, akaikunja karatasi na kuitia ndani ya tomu ndogo, na mimi nikaifunika kwa ngozi.